Karakana ya Wasomaji: Kichwa cha Endoskopu Kinachokaa Sawa Chenyewe

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Mwanza na vitongoji vyake, na zote zinahusu kitu kimoja: endoskopu, ule mrija wenye kamera na taa kichwani ambao daktari huuingiza kupitia mdomo kutazama umio na tumbo, au fundi huupenyeza ndani ya injini bila kuifungua. Tumechagua tano. Mbili tumezijibu kwa kirefu kwa sababu makosa yaliyomo ndani yake tunayaona tena na tena.

Mwangaluka wahariri. Tuko vijana watatu Nyakato, tunaunda endoskopu ya kufundishia itakayotumika kwenye sanamu la mazoezi. Ganda la kichwa tunalichapa kwa printa ya 3D ya resini (plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga), kipenyo cha nje milimita 10. Ndani mna kamera ya mraba ya milimita 3, taa nne za LED, na mrija wa kupitishia vifaa wenye kipenyo cha nje cha milimita 3.2. Tundu la kamera tumelichora milimita 3.1. Tumeunda vichwa 12. Vitano picha imelala au inatazama pembeni, viwili gundi imeingia kwenye lenzi. Kila kimoja kinatula dakika 40 chini ya hadubini. Je, tununue printa nzuri zaidi? – Vijana wa Nyakato

Printa acheni kwanza. Chukueni karatasi tupige hesabu.

Tundu lenu ni 3.10, na printa ya resini iliyotunzwa vizuri hukosea kama 0.05 juu au chini. Kamera nayo ni 3.00, na tuseme inakosea kiasi hichohicho. Tundu likitoka kubwa na kamera ikatoka ndogo, nafasi kati yao ni 3.15 kutoa 2.95, yaani 0.20. Mmesema tundu lina kina gani? Hamkusema, lakini kwa kichwa cha ukubwa huo huwa karibu milimita 2. Basi kamera inaweza kuinama 0.20 kwa kila milimita 2, ambayo ni nyuzi 5.7. Kitu kilicho milimita 50 mbele kitahama milimita 5 kutoka katikati ya picha. Vilevile kamera inaweza kujizungusha ndani ya tundu karibu nyuzi 4, na hapo ndipo picha inapolala. Kwa mtumiaji hilo si dogo: anasukuma kitasa cha juu, picha inakwenda juu na pembeni kwa pamoja, na mkono wake unapoteza imani na jicho lake.

Sasa nunueni printa inayokosea nusu ya hapo, 0.025. Nafasi kubwa kabisa inashuka kutoka 0.20 hadi 0.175, na kuinama kunashuka kutoka nyuzi 5.7 hadi 5.0. Mmetoa fedha nyingi mkapata sehemu saba ya kumi ya nyuzi. Mkisema mtabana tundu liwe 3.05, kuna siku litatoka 3.025 na kamera itatoka 3.05, na haitaingia. Mtaisukuma kwa kibanio, na kioo cha mbele kitapasuka.

Kosa liko kwenye wazo la tundu linalobana pande zote nne. Kitu kikizungukwa pande zote hakina anayekiambia kikae wapi, kinakaa popote penye nafasi. Kipeni kona ya kuegemea. Panueni tundu hadi 3.3, chagueni kona moja iwe ya marejeo, na upande wa pili wekeni kitu cha kuisukuma kamera iegemee kona hiyo daima. Hapo ukubwa wa tundu haujalishi tena. Kamera ikitoka ndogo kwa 0.05, katikati yake inahama 0.025 tu na haizunguki hata kidogo, kwa sababu kuta mbili ndizo zinazoiongoza.

Umbo lenyewe liwe hivi. Mbele ya tundu acheni kikalio, ukingo unaozifunika kingo za kamera kwa 0.3, na juu yake vinundu vitatu vya urefu wa 0.1. Kamera inaingizwa kutoka nyuma hadi iguse vinundu vyote vitatu. Vitatu vinatosha na ndivyo sahihi. Ukingo mzima ulio bapa hukamata punje ya resini mahali fulani na kamera ikapanda juu yake, na vinundu vinne hupepesuka kama stuli ya miguu minne kwenye sakafu ya mawe. Vitenganisheni kadiri nafasi inavyoruhusu: kinundu kimoja kikizidi wenzake kwa 0.03, na umbali kati yao ni 2.4, kuinama ni nyuzi 0.7 tu. Kwenye ukuta mmoja wa kona wekeni vinundu viwili, na kwenye ukuta wa pili kimoja. Jumla ni sita, na sita ndiyo idadi inayozuia kila mwendo wa kitu kigumu bila kugombana. Mkiongeza cha saba kitagombana na wenzake.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hukisahau. Kona ya ndani ya kipande kilichochapwa huwa na mviringo kidogo, lakini kona ya kamera ni kali. Kamera itapanda juu ya mviringo ule na haitagusa kuta. Chimbeni kona hiyo kwa ndani, kijishimo cha 0.3 kinatosha, ili ncha ya kamera ipate pa kupumzika.

Cha kusukuma kiwe kabari. Kona inayotazamana na ile ya marejeo ikateni mshazari, kisha ingizeni kutoka nyuma kabari ndogo ya silikoni au ya plastiki laini ya TPU, urefu milimita 4, unene ukianzia 0.2 na kuishia 0.6. Kwa kuwa inasukuma kwenye kona, inaipeleka kamera kwenye kuta zote mbili kwa mara moja. Msitumie kabari ya resini ngumu. Iguse mwili wa kamera nyuma ya lenzi, kamwe isiguse pipa la lenzi, maana pipa hilo limegandishwa kwa gundi kidogo sana na likisogea hata kwa upana wa unywele picha inapoteza ukali. Baadaye, mkihamia kwenye kalibu ya plastiki, badala ya kabari mnaweza kuwa na ulimi wa springi uliozaliwa pamoja na ganda. Kwenye resini ulimi mwembamba huvunjika.

Mdomo wa nyuma wa kila tundu upanueni kwa mshazari wa 0.3 hadi 0.5, ili kipande kijitafutie njia. Sehemu kubwa ya zile dakika 40 ni kutafuta mdomo wa tundu kwa kibanio, na kisha kuzungusha kamera huku mkitazama skrini. Kazi zote mbili zinaondoka.

Kuhusu uchapaji: tabaka za kwanza zinazoshika sahani ya printa hupondeka na kupanuka, kwa hiyo msiweke kikalio upande huo, wala msiweke nguzo za kushikilia juu ya vinundu. Kila ganda likishaoshwa na kukaushwa kwa mwanga, lipimeni kwa pini kabla ya kuligusa na kamera. Pini si lazima iagizwe. Shina la keekee ya milimita 3, lile lisilo na makali, huwa pungufu kidogo tu ya 3.00. Lipimeni kwa maikromita, liandikeni namba yake, mnacho kipimo.

Mpangilio wa kuunda: kila kitu kiingie kutoka nyuma, upande mmoja. Kwanza kadi ya taa, iliyokatwa mfuo nje ya katikati ili isiweze kuingia kinyume. Halafu kamera, halafu kabari, halafu mrija wa vifaa, mwisho gundi. Mrija ukitangulia utawazibia mkono.

Gundi sasa. Gundi nyembamba ya UV, ile inayogandishwa kwa mwanga, haikai mahali unapoitia, hukimbilia penye wembamba zaidi. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye lenzi zenu: nafasi kati ya kamera na ganda ilikuwa nyembamba moja kwa moja hadi mbele, nayo ikaifuata. Tumieni tabia hiyo iwafanyie kazi. Acheni mwanya wa 0.05 hadi 0.1 pale mnapotaka gundi ifike, na kabla ya kikalio pachimbeni ghafla mfereji wa 0.3 kwa 0.3 kuizunguka kamera. Gundi ikifika penye upana wa ghafla husimama. Mfereji wa pande nne za milimita 3 una urefu wa 12, na ujazo wake wote ni kama mikrolita 1. Kwa hiyo gundi yote mnayohitaji kwa kamera ni tone moja la kipenyo cha milimita 1.2, na mkizidisha mfereji utajaa na hautazuia kitu.

Hapo bomba la sindano ya insulini halifai kupimia. Mstari wake mmoja ni mikrolita 10, mara kumi ya mnachotaka. Chovyeni ncha ya waya wa 0.2 kwenye gundi, gusisheni mdomo wa mwanya, ngojeni inywewe, rudieni. Mkiona haiendi ndani, uso una mafuta ya vidole au resini haikuoshwa ikaisha.

Angalieni pia kama mwanga unafika. Gundi iliyo nyuma ya ukuta mweusi haigandi, inabaki mbichi, na baada ya wiki mbili inatambaa na kuweka ukungu kwenye lenzi. Wengi huilaumu kamera. Kama hapana njia ya mwanga, tumieni epoksi ya kuchanganya. Supa gluu isikaribie kichwa kabisa, maana mvuke wake huacha unga mweupe juu ya lenzi na haufutiki bila kuharibu kitu.

Mwisho, wekeni ukuta mweusi kati ya taa na kamera. Mkifunika vyote kwa kioo kimoja, mwanga wa taa utasafiri ndani ya kioo na kuosha picha kwa weupe, hata kama kila kitu kimekaa sawa. Vioo viwili, au kioo kimoja kilichokatwa na kujazwa gundi nyeusi katikati.

Ndugu wahariri, mimi ni fundi wa injini za boti, Kirumba. Nimenunua kamera ya waya ya milimita 5.5, haikunji. Nimeitengenezea shingo ya pete 14 za bomba la shaba zilizounganishwa kwa ripiti, na nyaya mbili za kuvuta. Inakunja nyuzi 110 juu lakini chini haifiki 60, na baada ya wiki imelegea. Nataka ipite kwenye tundu la plagi nione kichwa cha pistoni na ukuta wa silinda. – Fundi wa Kirumba

Ndugu fundi, wazo lako ni zuri na tundu la plagi ya skrubu ya milimita 14 lina nafasi ya kutosha kwa shingo ya milimita 8. Tatizo ni pete 14 na ripiti zake 26. Kila ripiti ina ulegevu wake, na ulegevu hujumlishwa. Huwezi kuziunda zote sawa kwa mkono, na hakuna sababu ya kujaribu.

Tafuta mrija wa naironi wa breki za hewa za lori, ule wa milimita 8 nje na 6 ndani. Maduka ya vipuri vya malori wanaukata kwa mita. Usichukue wa poliyurethani unaokunjika kama mpira, chukua mgumu. Kipande kimoja cha mrija huo kitachukua nafasi ya pete zote na ripiti zote.

Unakata mifuo kushoto na kulia, miwili kila ngazi, ikitazamana, ukiacha kati yao madaraja mawili membamba, moja mbele na moja nyuma. Kila mfuo uwe na upana wa milimita 1. Shingo ikikunja, mfuo wa upande wa ndani hufunga. Nusu ya kipenyo ni 4, kwa hiyo kila ngazi inakunja 1 gawanya kwa 4, yaani nyuzi 14.3, kisha kingo zinagusana na inasimama yenyewe. Ukitaka nyuzi 120 unahitaji ngazi 9. Acha milimita 2 za mrija mzima kati ya mfuo na mfuo: shingo nzima ni milimita 27, na inageuka ndani ya nusu-kipenyo cha karibu milimita 13, jambo linalowezekana ndani ya silinda. Na kwa kuwa mifuo ya kushoto na ya kulia ina upana mmoja, mkunjo wa pande hizo mbili, ule unaouita juu na chini, utalingana. Ulinganifu umetoka kwenye msumeno, hautoki tena kwenye vidole vyako.

Kabla ya kukata, toboa kwanza kwa keekee ya milimita 1 pale kila mfuo utakapoishia, ukiacha daraja la 0.8. Kisha kata kwa msumeno mwembamba hadi kwenye kitobo. Mfuo unaoishia kwa kona kali hupasuka hapo, kila mara. Kwa kuwa mrija huzunguka mkononi, tengeneza jigi: ubao wenye mfereji, mrija umefungwa ndani yake, na vipande viwili vya chuma bapa vya kuongoza msumeno.

Nyaya zipitishe ndani ya mrija, moja kila upande wa mifuo. Waya unaovutwa hukimbilia upande wa ndani wa pindo. Ukiwa ndani ya mrija, ukuta unaushika. Ukiupitisha nje utajitenga kama uzi wa upinde na kuukata mpira wa kufunika. Kwa waya wa 0.4, umbali wake kutoka katikati ni 2.8, na ili kukunja nyuzi 120 lazima uvutwe 2.8 mara 2.094, yaani milimita 5.9. Kama mpini wako unazunguka nyuzi 60, kapi ya kuzungushia waya iwe na nusu-kipenyo cha 5.6. Kapi kubwa itakata waya kabla hujajua umefika mwisho, ndogo haitafikisha.

Sasa kwa nini ilikuwa 110 na 60? Nyaya zako hazikuanzia sifuri moja. Ulipolehemu wa pili, shingo ilikuwa imepinda kidogo. Usipime urefu wa waya hata siku moja. Laza shingo kwenye mfereji ulionyooka, ifunge, funga kapi kwa pini katikati ya mzunguko wake, ning'iniza kwenye kila waya chupa yenye maji mililita 200, ambayo ni gramu 200, na ubane nyaya zote mbili zikiwa zimevutwa hivyo. Uzito unajua urefu sahihi kuliko rula.

Kubana tumia kibomba kidogo cha shaba kinachopondwa kwa koleo, usilehemu. Waya wa chuma kisichoshika kutu hauishiki lehemu bila asidi, asidi ikibaki inakula, na moto mkali hulainisha waya pale lehemu inapoishia. Ndipo utakapokatika. Ukishabana, ning'iniza kilo 5 kwa dakika moja. Usiyeweza kumwamini kwa kilo 5, usimpeleke ndani ya silinda ya mteja.

Kulegea baada ya wiki kunatokana na ala ya waya. Ukiupitisha waya kwenye mrija wa plastiki, mrija wenyewe hujibana kila unapovuta. Tazama breki ya baiskeli: waya unapita ndani ya springi iliyosokotwa, pindo kwa pindo, haibaniki. Wewe pia tumia springi ya namna hiyo, na hakikisha miisho yake miwili imekatwa mraba na inakaa imara, mmoja nyuma ya shingo na mwingine kwenye mpini. Ukiacha mwanya wa milimita 1 mahali fulani, umepoteza milimita 1 kati ya 5.9. Usiikunje boroskopu (endoskopu ya injini) mizunguko mingi ukiwa kazini: msuguano wa 0.15 kwenye mzunguko mmoja kamili unazidisha nguvu ya kuvuta mara mbili na nusu.

Tumepata watu wa kutuchongea kalibu ya ganda la kichwa. Bei yao ni kubwa, wanasema mchoro wetu una vipimo 46 na vyote tumeviandikia ±0.02. Tupunguze vipi? – Msomaji, Igoma

Ndugu msomaji, hao wanasema kweli. Toleransi ni kiasi cha kukosea unachokiruhusu, na kila unapokinyima kipimo nafasi ya kukosea unakilipia. Pitia mchoro na uulize kwa kila kipimo: kikikosea 0.1, kipi kitaharibika? Kwa ganda kama lenu, jibu huwa "hakuna" kwa vingi mno. Vibakie vinundu vya kikalio, kona ya marejeo, tundu la mrija wa vifaa na kipenyo cha nje kinachovalisha mpira. Hivyo viandikieni 0.03. Vingine vyote 0.1.

Jambo kubwa zaidi ya namba: sehemu zote za marejeo zichongwe kwenye nusu moja ya kalibu. Nusu mbili zikifunga haziwi sawasawa kabisa, na kikalio kikiwa kwenye nusu hii na kona kwenye nusu ile, kosa la kufunga linaingia moja kwa moja kwenye picha. Mwambieni mchongaji kwa maneno, msitegemee ataona.

Kuta za kalibu huhitaji mteremko ili kipande kitoke. Nyuzi 1 kwenye kina cha milimita 4 ni 0.07, kubwa kuliko toleransi yenu ya kona. Wekeni nyuzi 1 ukutani na robo ya nyuzi kwenye vinundu peke yake. Chagueni ABS au polikaboneti, zinazonywea chini ya asilimia 1 zikipoa. Polipropilini hunywea hadi asilimia 2 na zaidi, na ni ngumu kuigandisha kwa gundi. Mlango wa plastiki, pale inapoingilia kalibu ikiwa imeyeyuka, usiwe karibu na kikalio.

Je, endoskopu tuliyoiunda wenyewe tunaweza kuitumia kwa mgonjwa? Huku kwetu kichocho ni kingi na watu hutapika damu. – Msomaji, Ukerewe

Hapana, ndugu yetu, na tunakuelewa kabisa kwa nini unauliza. Kichocho cha tumbo, kile cha Schistosoma mansoni, huacha makovu kwenye ini, damu ikakosa njia, mishipa ya umio ikavimba na kupasuka. Endoskopu ndiyo inayoiona mishipa hiyo, na kupitia kwayo daktari huifunga kwa vipete vya mpira. Mgonjwa anayetapika damu apelekwe hospitali mara moja.

Lakini kifaa kinachoingia mwilini lazima kisajiliwe na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, na nyuma ya usajili huo kuna mambo ambayo karakana haiwezi kuyahakikisha kwa macho: vifaa vinavyogusa mwili visiwe na sumu (kiwango cha kimataifa ISO 10993), umeme usivuje (IEC 60601, sehemu ya 2-18 ikihusu endoskopu), na utengenezaji wote uwe na kumbukumbu (ISO 13485). Kikubwa zaidi ni usafi. Mwanya wa 0.1 ambao tumewasifia vijana wa Nyakato, ukiachwa wazi bila kujazwa gundi, unahifadhi ute wa mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine na hakuna brashi inayoufikia. Kwa sanamu la mazoezi, kwa injini, kwa bomba la maji, tengenezeni. Kwa binadamu subirini njia halali, na vijana wanaotaka kuifuata waanze kuzungumza na TMDA wangali kwenye karatasi, kabla ya kuchonga kalibu.

Wahariri, ninafanya kazi ya kutunza vifaa tiba. Endoskopu zetu zikivuja, mara nyingi ni pale mpira wa shingo unapoishia. Kwa nini hapo? Na ile iliyoletwa juzi kwa ndege kutoka Dar es Salaam mpira wake ulikuwa umevimba. Imeharibika? – Dada wa vifaa tiba, Mwanza

Dada yetu, tuanze na la ndege, maana lina haraka. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni karibu kilopaskali 88, na Dar es Salaam ni 101. Endoskopu iliyofungwa kule ina hewa ya kule ndani yake, na tofauti ya 13 inausukuma mpira kutoka ndani. Ndani ya ndege tofauti huwa kubwa zaidi. Ndiyo maana huja na kofia ya kupumulia, ivaliwe wakati wa kusafirisha. Ivishe, hewa itoke, mpira urudi, kisha fanya kipimo cha kuvuja kabla ya kumgusa mgonjwa. Halafu vua kofia hiyo kabla ya kuizamisha kwenye maji. Kofia iliyosahaulika huingiza maji hadi kwenye kamera, na gharama yake ni ya endoskopu nzima.

Kuhusu kuvuja: mpira umefungwa miisho yake kwa uzi na kufunikwa epoksi. Uzi unazungushwa safu moja, pindo kando ya pindo, mkia ukifukiwa chini ya mizunguko, kama mvuvi anavyofungia ndoana kwenye mshipi. Kwa upana wa milimita 3 na uzi wa 0.15 ni mizunguko 20. Uzi ndio unaobana, epoksi kazi yake ni kuziba na kulinda. Kinachoharibika huwa ni ukingo wa epoksi: ikimwagika hata milimita 1 juu ya mpira unaokunjika, kila pindo la shingo linauinua ukingo huo hadi unapasuka, na glutaraldehaidi, dawa ya kuulia vijidudu, inaingia chini yake. Mtengenezaji makini huchonga kwenye pete ya chuma mfereji wa 0.2 ili uzi uzame, na kijiukuta kinachoonyesha epoksi iishie wapi. Nyingine hazina, na hizo ndizo zinazorudi.

Usiirekebishe mwenyewe kama hujaidhinishwa. Unachoweza kufanya ni kuikamata mapema. Kila baada ya matumizi, kabla ya sabuni, tia hewa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake, usizidishe. Kwanza ikiwa kavu, tazama geji kama inashuka. Kisha izamishe na ukunje shingo pande zote nne taratibu. Tundu lililo chini ya uzi hujifunga shingo ikinyooka na hufunguka ikikunjwa, kwa hiyo endoskopu iliyolazwa imenyooka ndani ya beseni itakuonyesha kuwa ni nzima kumbe si nzima. Subiri sekunde 30 kila upande. Kiputo kimoja kikijitokeza mahali palepale mara mbili, itoe majini hewa ikiwa bado ndani, ikaushe, iandikie lebo, na isirudi kwenye kazi.